Kila Jaji Ana Alikotoka

Mwaka 1975, mjini New York, kampuni ya mawakili ya Sullivan & Cromwell ilimtaka Jaji Constance Baker Motley ajitoe kwenye kesi. Kampuni hiyo ilishtakiwa kwa kuwabagua wanawake katika ajira. Jaji, walisema, ni mwanamke, ni mweusi, na enzi za uwakili aliwatetea waliobaguliwa, ataachaje kupendelea?

Motley alikataa. Kama jinsia, rangi au kazi ya zamani vinatosha kumwondoa jaji, alijibu, hakuna jaji wa mahakama ile ambaye angeweza kuisikiliza kesi hiyo. Wote wana jinsia, na wengi wao walitoka katika kampuni kubwa za mawakili.

Toleo hili la majaji tunalifungua naye kwa makusudi. Alizaliwa New Haven mwaka 1921, binti wa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis. Baba yake alikuwa mpishi katika Chuo Kikuu cha Yale. Akiwa wakili alipigana mahakamani hadi mwanafunzi mweusi James Meredith akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962. Kati ya kesi 10 alizosimamia mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, alishinda 9. Mwaka 1966 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho, baada ya Seneta James Eastland wa Mississippi kumwekea vikwazo kwa miezi kadhaa.

Je, maisha hayo yalimharibia mizani? Tazama hukumu yake ya mwaka 1978, baada ya mwandishi wa kike wa michezo kuzuiwa kuingia vyumba vya kubadilishia nguo vya wachezaji katika uwanja wa timu ya besiboli ya Yankees. Motley hakuegemea uchungu wake mwenyewe. Alionyesha kwamba uwanja ni mali ya jiji, kwa hiyo Katiba inaubana, na kwamba faragha ya wachezaji ingeweza kulindwa bila kumfungia mlango mwanamke peke yake.

Hapo ndipo haki inapokaa: katika sababu zilizoandikwa, ambazo aliyeshindwa anaweza kuzisoma na kuzikatia rufaa. Nasi Afrika Mashariki twasikia mara kwa mara jaji akitakiwa ajitoe. Mwenye maslahi katika kesi na ajitoe, hilo halina mjadala. Lakini kabila, dini, jinsia na kazi ya jana si maslahi. Tukitaka kumpima jaji, tuisome hukumu yake, mstari kwa mstari.