Simamisha Hapo, Mwalimu

Mwaka jana nilialikwa kuketi nyuma ya darasa la Kidato cha Tatu, kipindi cha Kiswahili, saa nane mchana, wakati makande yameshatua tumboni na kope zinaanza kuwa nzito. Juu ya meza ya mwalimu palikuwa na sabufa aliyoiazima kwa kinyozi wa jirani na shule, flashi iliyofungwa uzi mwekundu isije ikapotea, na kipande cha chaki. Projekta hapana, kompyuta hapana, intaneti ndiyo kabisa. Wanafunzi walizidi sabini, wengine watatu watatu kwenye dawati moja.

Mwalimu hakupoteza muda kwa utangulizi. Alichomeka flashi, akabonyeza, sauti ya bibi kizee ikatoka: "Paukwa!" Darasa likatazamana. Wachache wa nyuma wakajibu kwa kunong'ona, "Pakawa." Mwalimu akairudisha nyuma. "Paukwa!" Safari hii waliitika wote, hata wa darasa la jirani wakachungulia dirishani.

Msimulizi alikuwa bibi yake mmoja wa wanafunzi hao, amerekodiwa kwa simu uani kwake wakati wa likizo. Hadithi ni ile ya wanyama kuchimba kisima mwaka wa ukame, Sungura akakataa kushika jembe, kisha akawa anakuja usiku kuiba maji. Ilipofika pale Sungura amenasa kwenye ulimbo aliopakwa Kobe mgongoni, mwalimu akasimamisha. "Haya, kanasa. Wewe ndiye Sungura. Unajiteteaje?" Mikono ikapanda. Mmoja alisema angelia. Mwingine angemsingizia Fisi. Msichana wa mbele akasema Sungura hana kosa lolote, maji ni ya Mungu, na hapo ndipo darasa lilipowaka moto. Dakika nane nzima mwalimu hakutia neno. Kidole chake kilikuwa bado kiko juu ya kitufe. Alipoachia, bibi alitoa jibu ambalo hakuna aliyelibashiri, akalicheka mwenyewe, na katikati ya kicheko chake jogoo akawika.

"Mwalimu, jogoo naye yumo kwenye hadithi?"

Lilikuwa swali la utani, na darasa lilicheka. Mwalimu akalipokea kwa mikono miwili. Yumo au hayumo? Bibi alikuwa wapi? Nani alikuwa mbele yake akimsikiliza? Angesimulia vilevile kama angesimamishwa jukwaani na kupewa kipaza sauti? Kwa robo saa vijana wale walijadili fanani, hadhira na mazingira ya utendaji bila hata neno moja kati ya hayo kuandikwa ubaoni. Mimi mambo hayo niliyafundisha miaka mingi kwa kuyaorodhesha (a), (b), (c). Wanafunzi wangu waliyanakili, wakayakariri, wakafaulu. Sidhani kama yupo hata mmoja niliyemkutanisha na fanani.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya podikasti na zana nyingine za kidijitali darasani. Miswada iliyotufikia ni mingi kuliko tulivyotarajia, na karibu yote inaanza na vifaa: shule ina kompyuta ngapi, mtandao una kasi gani, vishikwambi vilivyogawiwa viko wapi. Ni maswali halali. Lakini tangu kipindi kile cha jogoo nimebaki na swali moja ninalouliza kila nikifungua mswada: nani anaisimamisha sauti, na anaisimamisha wapi?

Kuhusu neno podikasti lenyewe nisiseme mengi. Mwandishi Ben Hammersley alilitumia katika gazeti la Guardian la Uingereza Februari 2004, akitafuta jina la vipindi vya sauti ambavyo watu walikuwa wameanza kuvipakua na kuvisikiliza kwa wakati wautakao. Sehemu ya jina ilitoka kwenye iPod. Kifaa hicho Apple ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaacha kukitengeneza, na jina limebaki kama jina la marehemu kwa mjukuu. Sisi tumeshalitia irabu na kulipa ngeli. Anayetaka kulibishia atuletee lililo bora, ila asituletee la kutunga mezani ambalo hata yeye halitumii akiwa nyumbani kwake.

Jambo lenyewe kwetu ni la zamani kuliko jina. Kaseti za mawaidha zilizunguka pwani nzima, mtu akisikiliza, akirudisha nyuma, akimwazima jirani. Redio ilitangulia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza Redio Tanzania, na mpaka leo tunaisimulia kama sifa ya redio. Ukiuchunguza utaratibu wake utaona redio ilibeba sehemu ndogo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na viongozi hao walifika makumi ya maelfu. Kulikuwa na kitabu. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, kitabu kikasomwa, watu wakabishana, kisha wakaamua watafanya nini kijijini kwao kuhusu choo, maji na mbu. Vyoo vilichimbwa kutokana na maneno yaliyosemwa redio ikiwa imezimwa.

Mwaka mmoja baadaye, 1974, huko Nikaragua, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na wizara ya elimu ya nchi hiyo walianza kufundisha hisabati katika shule za msingi kwa redio. Tatizo lao lilikuwa kwamba redio ni kiziwi. Ikiuliza saba na tano ni ngapi, haisikii jibu, wala haijui kama jibu limetoka. Basi wakatunga vipindi vyenye ukimya ndani yake. Mtangazaji anauliza, ananyamaza sekunde kadhaa, watoto wanaitika kwa pamoja, kisha anataja jibu nao wanajipima. Mtindo huo ulizunguka dunia. Ulifika Kenya miaka ya 1980 kwa somo la Kiingereza, na baadaye Zanzibar, katika miaka ya 2000, kwa vipindi vya watoto wadogo vilivyoitwa Tucheze Tujifunze.

Ukimya ule unanifikirisha sana. Mtunzi aliyeketi studio alilazimika kukisia: mtoto atahitaji sekunde tatu, au tano? Akikosea, darasa linaachwa na kipindi kinaondoka zake. Podikasti imeuchukua uamuzi huo kutoka studio na kuuweka kwenye kidole cha mwalimu, anayewatazama watoto wake usoni na kujua nani ameelewa na nani anaitikia kwa kufuata mkumbo. Mageuzi yako hapo. Mengine yote, satelaiti, nyaya, programu za simu, ni habari za usafirishaji.

Na mageuzi hayo tumeyachezea. Nianze na mimi. Nilipopata rekodi yangu ya kwanza, mahojiano na mshairi, niliicheza darasani dakika 40 mfululizo, kipindi kizima, nami nikaketi pembeni nikisahihisha madaftari. Nilijiona mwalimu wa kisasa. Mwishoni nikauliza nani ana swali. Aliyenyoosha mkono aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Tangu wakati huo nimekuta mabaya zaidi: video inaongea peke yake ukutani, na mwenye somo yuko ofisini anakunywa chai.

Janga la korona lilituonyesha jambo hilohilo kwa upana wa nchi nzima. Shule za Tanzania zilifungwa Machi 17, 2020, na kufikia Juni 29 zilikuwa zimefunguliwa zote. Za Uganda hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Masomo yalirushwa redioni na kwenye runinga. Mwenye redio alisikia. Ila kipindi hakikumngoja mtoto aliyetumwa dukani, na hakikumuuliza kama ameelewa.

Kwa upande wa vifaa, Kenya iliahidi kompyuta za mapajani kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, ikaanza kugawa vishikwambi mwaka 2016, na kugawa vifaa zaidi ya milioni 1. Kwetu Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 vilipelekwa kwa walimu. Vipo vinavyofanya kazi nzuri. Vipo pia vilivyolala kabatini, funguo ziko kwa mkuu wa shule, kwa sababu kikiibwa kimoja atakayeulizwa ni yeye. Simlaumu. Namwomba tu akumbuke kwamba kishikwambi kile kina kinasa sauti, na kwamba kukitumia kurekodi hakuhitaji bando.

Hebu tupige hesabu. Mazungumzo yaliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde yanachukua megabaiti zisizofika 5 kwa dakika 10. Flashi ya gigabaiti 8 inameza vipindi vya namna hiyo zaidi ya 1,500. Mtu mmoja akipakua mara moja, mahali penye mtandao, shule kumi zinaweza kugawana kwa kupeana mkono kwa mkono. Na sabufa ya kinyozi, nilivyoambiwa, malipo yake yalikuwa shukrani.

Hasara ya kutosikiliza naiona zaidi kwenye ushairi. Utenzi tunaufundisha kama hesabu: vipande 4, mizani 8 kila kipande, vitatu vya mwanzo vinafanana vina, cha mwisho kinabeba bahari. Mwanafunzi anahesabu kwa vidole, anapata maksi zake. Mwana Kupona binti Msham, mama wa visiwa vya Lamu, alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, kwa Kiamu, lahaja ya huko Lamu, katika jamii ambayo tenzi zilighaniwa kwa mahadhi na watu wakakaa kusikiliza. Leo mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu akikutana nao kitabuni anajikwaa kwenye Kiamu mstari kwa mstari, akiona ni lugha ngeni yenye maelezo ya chini ya ukurasa. Mpe mghani anayeujua, hata kwa dakika tatu za simu. Vidole havitakuwa na kazi. Pumzi ya mghani itamhesabia. Kisha msimamishie pale bahari inapofika, umwombe abashiri silabi itakayokuja. Hilo ni zoezi la vina ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulitoa.

Katika kurasa zinazofuata yuko mwandishi anayetaka wanafunzi waruhusiwe simu shuleni, ili kila mmoja asikilize kwa kasi yake. Tumeichapa makala yake kwa kuwa ameijenga vizuri, nami sikubaliani naye. Aliyeziba masikio kwa hedifoni hamsikii mwenzake akisema maji ni ya Mungu.

Makala nyingine imeninyamazisha. Inauliza: na mwanafunzi kiziwi? Sifa zote nilizozimwagia sauti hapa ni ukuta mbele yake. Mwandishi wake, ambaye ana wanafunzi viziwi darasani, anadai kila rekodi iambatane na maandishi kamili, pamoja na mkalimani wa lugha ya alama pale anapopatikana. Nilitaka kujibu kwamba kuandika dakika 10 za mazungumzo kunamla mwalimu jioni nzima. Kisha nikakumbuka imla. Tuliitupa tukiona ni ya kizamani, mwalimu anasoma na mwanafunzi anaandika, basi. Hapa inarudi ikiwa na kazi ya maana: vikundi vitano vya wanafunzi, kila kimoja dakika mbili, wanaandika walichosikia ili mwenzao asome. Wakibishana kama bibi alisema "akamwambia" au "akamwambiaje", ndiyo sarufi hiyo.

Liko onyo pia, na nalitoa bila mapambo. Sauti ya mtu ni mali yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya inayo ya 2019. Bibi aombwe ruhusa kabla ya kurekodiwa, aelezwe itachezwa wapi, na apelekewe asikie. Mtoto asirekodiwe bila mzazi kujua. Anayetaka kuzipandisha rekodi za shule mtandaoni Tanzania asome kwanza Kanuni za Maudhui Mtandaoni, zilizoanza 2018 na kutungwa upya 2020, pamoja na marekebisho yake, maana zipo shughuli zinazohitaji leseni. Kwa kazi ya darasani, flashi yenye uzi mwekundu inatosha.

Kwa toleo lijalo, walimu wenzangu, msituletee orodha ya vifaa. Tuleteeni somo moja. Rekodi isizidi dakika 10, iwe ya bibi, mvuvi, mghani, fundi cherehani, au kipindi chochote mlichokipata kwa njia halali. Andika ukurasa mmoja: ulicheza nini, uliisimamisha wapi, na wanafunzi walisema nini kabla hujaachia. Kama walilala, andika hivyo hivyo. Tutaichapa, na nitaweka yangu kando yake.