Mpiga Picha Mwanamke, Kompyuta ya Nani?



Harusi za siku hizi tumejitahidi. Mlangoni tunaweka mtu wa kukusanya simu. Mpiga picha tunataka mwanamke, hata akiwa ghali zaidi. Biharusi anakaa kichwa wazi, hina mpaka viwikoni, na sisi tumevua mabuibui tunacheza kwa raha zetu, kwa sababu ukumbini hamna mwanamme.

Sherehe ikisha, memori kadi inakwenda wapi? Inapelekwa dukani, kwa kijana wa kiume, akazisafishe picha.

Basi mlangoni tulikuwa tunalinda nini? Kijana yule anazifungua picha moja moja, anazikuza, anamwona biharusi, mama yake na mawifi zake, na kopi zinabaki kwenye kompyuta yake. Hatumtuhumu mtu. Huenda ni mcha Mungu kutushinda sisi. Lakini hata akiwa mwema, picha zile hazikuwa zake kuziona, wala za mteja aliyekaa pembeni yake akisubiri zamu. Stara inayoishia mlangoni mwa ukumbi ni nusu ya stara.

Tukisema hivi tunajibiwa: "Kompyuta ngumu, sisi tumeishia sekondari." Jamani! Hata sisi tunaoandika haya tumesomea cherehani tu. Mwanamke anayekata gauni la satini bila kuharibu kitambaa, akatia bitana, akapachika shanga kwa mkono, anashindwaje kukata ukingo wa picha? Tena kitambaa ukishakikata umekikata. Kwenye picha, ukikosea unarudi nyuma hatua moja ukaanza tena.

Wengine wanasema programu ni ghali. Photoshop kweli inalipiwa. Lakini GIMP ni ya bure, ipo tangu miaka ya 1990, na unaiweka kwenye kompyuta ya kawaida. Kwenye simu ipo Snapseed, nayo ni bure.

Na mwanzo hauhitaji mengi. Kwanza fanya kopi, picha ya asili usiiguse. Pili, kata pembeni uondoe viti na mikoba. Tatu, rekebisha mwanga na rangi, ili gauni jeupe lililopigwa chini ya taa za njano lirudi kuwa jeupe. Gauni tumesema, si ngozi ya biharusi. Rangi yake aliyopewa na Mola wake iacheni.

Nne ni leya. Hizi ni kama gauni na bitana: moja juu ya nyengine, na ya juu unaweza kuivua bila kugusa ya chini. Hapa ndipo ujuzi unapokuwa stara. Wengi wakitaka kuficha nywele wanapaka kwa kalamu ya simu. Zipo kalamu ambazo rangi yake ni nyepesi, na picha ikiongezwa mwanga kilichofichwa kinaonekana. Vilevile GIMP ukihifadhi kwa kawaida inakupa faili la XCF, lenye leya zote ndani yake. Ukifunika uso kwa leya kisha ukatuma faili hilo, aliyelipokea anaiondoa leya na uso anauona. Tuma JPEG, kwani hiyo inaziunganisha zote zikawa kitu kimoja, na funika kwa rangi nzito isiyopenya. Asiyejua haya anadhani amesitiri, kumbe amevisha wavu.

Kwa hiyo wapambaji, washonaji na wapiga picha wenzetu, kila kikundi kiwe na mwanamke mmoja anayejua kazi hii mwanzo hadi mwisho. Akishajua awafundishe wawili. Pesa tunazopeleka dukani zitabaki mikononi mwetu, na siri zetu pia.

Na nyinyi mabiharusi, kabla ya kutoa arbuni muulizeni mpiga picha maswali mawili: nani atakayezisafisha picha zangu, na kopi zitafutwa lini? Msione haya. Mnauliza bei ya maua, mtashindwa kuuliza hili? Asipokuwa na jibu, tafuteni mwengine.

Picha ya biharusi ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe. Allah atusitiri sote. Amin.