Kona ya Kompyuta: Saa ya Huku na Saa ya Chicago
Kompyuta ya mtumba uliyonunua Mbarara inaweza kuwa na eneo la saa la Uingereza ao Marekani bado. Ukisogeza mishale kwa mkono tu, mwezi wa tatu itaruka yenyewe saa nzima, na mama anakosa sauti ya mtoto wake.

Bonyeza saa, pale chini kuume, kwa kitufe cha kuume cha mausi. Fungua mipangilio, chagua eneo la Nairobi (+3). Uganda ni hiyo hiyo. Sisi hatubadilishi, Chicago ndiyo inabadilisha. Mtoto akisema tuongee saa sita mchana kwake, Nakivale ni 20:00, yaani saa mbili usiku. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba inakuwa saa tatu, mpaka Jumapili ya pili ya Machi. Goma na Bujumbura wako nyuma yetu saa moja tu, mwaka mzima.