Mito Ikutanapo Chini ya Gikomba

Mtu asimamaye ukingoni mwa mto pale Gikomba, karibu na mafundi seremala na wauza mitumba, huona maji meusi yapitayo polepole yakichukua vitambaa na maganda, naye aweza kudhani kwamba Mto Nairobi ndio huo tu. Lakini mto huo, utokao katika kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu, ufikapo Gikomba bado ni mchanga. Nguvu zake huzipata mashariki, ambako Mathare huuingilia kutoka kaskazini, na Ngong, uliokwisha kupita katika bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953, huuingilia kutoka kusini. Kisha yote pamoja humiminika katika Mto Athi, kabla ya maporomoko yale kumi na manne yaliyo karibu na Ol Donyo Sabuk.

Yafaa msomaji ajue yatendekayo katika makutano hayo. Vijito hushuka kwa haraka kutoka nchi ya juu, vikibeba udongo. Vifikapo kwenye uwanda mwendo hupungua, na mzigo hutuliwa chini. Tena mto mkubwa ukiwa umejaa, kijito hakipati njia. Maji yake husimama mlangoni mfano wa mgeni asiyefunguliwa, halafu hurudi nyuma na kupanda kingo. Taka na kifusi kikitupwa mtoni, njia huzidi kuwa nyembamba. Mwezi wa Aprili 2024 Mathare ulifurika usiku ukaua watu, na Serikali ikaamuru walio karibu na mito wahame. Nyumba nyingi zikabomolewa. Wengi waliilaumu mvua, nayo mvua kweli ilikuwa kubwa, ila mvua haikuujaza mto mifuko ya plastiki.

Lakini mwenye haki ya kulalamika kuliko wote ni mkulima wa chini, ambaye huenda hajapata kuiona Gikomba. Katika nchi ya Ukambani watu huteka maji ya Athi kwa ng'ombe na kwa mboga, na wakati wa ukame hata kwa nyumba. Pale Mto Thwake ukutanapo na Athi, kazi ya kujenga bwawa kubwa ilianza mwaka 2018, ili watu wa Makueni, Kitui na Machakos wapate maji. Na wenyeji wamekwisha kuuliza waziwazi ni maji ya namna gani yatakayoingia humo, ikiwa mji uendelea kumwaga uchafu wake mtoni.

Mbele ya hapo Athi hukutana na Tsavo, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na huishia baharini kaskazini mwa Malindi. Wakati wa masika bahari ya huko hugeuka rangi ya udongo, na mvuvi wa Malindi hulazimika kuvuka maji hayo mekundu kabla ya kufika penye buluu.