Fundi wa Garimoshi Asisahauliwe

Wananchi, tukizungumza habari za wapigania Uhuru hutaja waliosimama jukwaani. Ni haki yao. Lakini leo sisi twataka kumtaja mtu ambaye hakupanda jukwaa lolote: fundi wa garimoshi, Mwafrika mwenye spana mkononi, mke na watoto nyumbani.

Kazi yake haikuwa ndogo. Alilala chini ya chuma kabla hakijapoa. Alisafisha boila, akakaza breki, akagonga kila gurudumu kwa nyundo na kutega sikio: mlio ukiwa wazi, gurudumu ni zima; mlio ukiwa mzito, huenda lina ufa, na abiria wote wamo hatarini. Elimu hiyo aliibeba masikioni mwake. Hata hivyo, siku za ukoloni vyeo vya juu na mishahara minono ya reli vilikwenda kwa Wazungu, wakifuatwa na Wahindi. Mwafrika aliyejua kazi alibaki chini.

Hakukaa kimya. Mwaka 1947 mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam ulifuata njia ya reli hata bara. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika, wakiongozwa na chama chao, TRAU, ambacho Katibu Mkuu wake alikuwa Christopher Kasanga Tumbo, waligoma siku 82. Siku 82, ndugu zetu! Ni karibu miezi mitatu. Mwenye kugoma alijua kwamba njaa haitamgusa peke yake. Nyumba isiyo na mshahara huishi kwa jembe la mama na kwa hisani ya jirani. Kwa hiyo mgomo ule ulikuwa wa mke na watoto pia, ingawa wao hawakuandikwa katika daftari la chama.

Mwaka huohuo wa 1960 reli ilitoka Kilosa ikafika Mikumi; na mwaka 1965, tukiwa huru, ikafika Kidatu, kwenye miwa ya bonde la Kilombero. Bendera ilikuwa imebadilika, lakini boila haikujisafisha yenyewe. Fundi yuleyule aliyegoma aliamka alfajiri akafanya kazi, safari hii kwa ajili ya nchi yake.

Je, tumemlipa nini? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, waliokuwa watumishi wake walidai mafao yao miaka mingi, hata wakafika mahakamani. Wako waliofariki kabla ya kulipwa. Hilo ni jambo la kutuonea haya.

Wako watakaosema: ya nini kukumbuka chuma cha zamani, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yatoka Dar es Salaam kwenda Dodoma ikipita Kilosa? Sisi twaifurahia treni hiyo. Lakini vijana wanaoitunza leo yafaa wajue kwamba ufundi wa Mwafrika katika reli haukuanza nao, na kwamba haki ya mfanyakazi haikuletwa na mvua.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa mgomo ule amekwisha pita miaka 80. Muda umekwisha. Twayaomba matawi ya chama ya Kilosa na Mikumi yasingojee amri kutoka juu. Chukueni daftari, mwende nyumba kwa nyumba, mwandike jina la kila fundi aliye hai na aliyekufa, kazi aliyoifanya, na jina la mkewe aliyelisha nyumba siku zile 82. Nakala moja ikae shuleni, watoto waisome.

Taifa lisilojua majina ya mafundi wake litadhani lilijengwa kwa hotuba tu.

Uhuru na Kazi!