Ada ya Ukaguzi Tunalipa, Ukuta wa Shimo Nani Anaukagua?



Huku Mahege tuna mpunga, mikoko na mto. Mgodi hatuna. Lakini mafuriko yakibeba shamba, kijana anapanda basi kwenda Chunya au Geita kutafuta shimo la dhahabu. Ndiyo maana naandika habari za machimbo nikiwa delta: wanaoingia mle ni ndugu zetu.

Mashimo mengi ya wachimbaji wadogo yanashikiliwa na matimba, yaani magogo. Sisi tunaoishi na boriti tunajua si kila mti unavumilia maji. Gogo linazuia pale lilipo tu. Mwamba ulio kati ya gogo na gogo uko wazi.

Fikiria ukuta wa nyumba ya kukandika. Donge moja likidondoka, la jirani linalegea, mvua inaingia, mwisho unabaki na fito. Ukipiga lipu mapema, lipu haibebi paa, ila inazuia lile donge la kwanza. Mwamba uliopigwa baruti ni hivyo hivyo: umejaa nyufa, na vipande vyake vinasimama kwa sababu vinashikana.

Dunia imeshajibu hili. Kuna zege la kupuliza kwa mashine, sentimita 5 au zaidi. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Kanada walianza kujaribu utando wa polima wa milimita 3 hadi 5 tu, unaopulizwa kama rangi, ukaziba nyufa na kuzuia hewa na maji yasiule mwamba. Haumalizi kila kitu: boliti za mwamba bado zinahitajika, shimo la udongo mlaini haliponi kwa utando, na baadhi ya kemikali zake ni sumu kwa mpulizaji asiye na barakoa. Lakini unaokoa maisha.

Migodi mikubwa kama Bulyanhulu ina wahandisi wa miamba, boliti na nyavu za chuma. Mchimbaji mdogo ana gogo na dua.

Matokeo tunayajua. Novemba 2015, Nyangarata huko Kahama, watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Tukashangilia muujiza, tukasahau shimo. Januari 2024, Ng'alita wilayani Bariadi, kifusi kiliua watu 22. Viongozi wakasema eneo lilikuwa limezuiwa kwa sababu ya mvua. Sawa, jamani, lakini katazo halishikilii ukuta. Mtu mwenye njaa ataingia tu.

Sasa hela. Mabadiliko ya sheria ya 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na ikaja ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Jiwe likitoka linapimwa, linakaguliwa, linakatwa chake. Ukuta alikotokea mtu aliyelibeba hilo jiwe, nani anaukagua?

Nasema haya bila jazba. STAMICO ina vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi, ambako mchimbaji anafundishwa kuchenjua dhahabu. Viwekewe mashine za kupuliza zege, vikundi vikodi kwa bei wanayoiweza, na mafundi wafundishwe kuzitumia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipewe fedha za kujaribu utando unaofaa miamba yetu, kwa saruji yetu. Na sehemu ya ile ada irudi chini shimoni, kwa mkaguzi anayeshuka, siyo anayesubiri mezani.

Wakija kuomba kura Kibiti watatuambia sekta ya madini inakua. Tuwaulize swali moja: kijana wetu aliyeshuka asubuhi, ni kitu gani kinashikilia mwamba juu ya kichwa chake?