Eti Kanenepa, Pesa Imemkubali!

Picha za bi dada mmoja mzaliwa wa Fundo, kile kisiwa cha Pemba ukivuka kutoka Wete, zimezunguka sana kwenye magrupu. Ya kwanza yuko mwembamba, kajifunga kanga, kasimama majini na kamba za mwani. Ya pili yuko Dar, ofisini, kanenepa hasa. Maoni yakamiminika: "Mashallah, pesa imemkubali!" Mmoja akamuuliza anatumia nini. Akajibu: "Dawa ya presha."

Kimya. Likes zikaendelea.

Watu wanasahau kuwa hata Fundo pesa alikuwa nayo. Mwani umelimwa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wengi ni wanawake, na kwa wengi ndiyo pesa ya kwanza kuishika bila kumuomba mume. Ila ile ni pesa ya jasho. Bamvua likifika unayafuata maji mpaka kwenye pegi, unainama masaa, unarudi na gunia bichi kichwani. Nani atanenepa hapo?

Mjini mshahara unakuja na kiti. Asubuhi bodaboda mpaka mlangoni, mchana chipsi mayai na soda, jioni kachoka. Utafiti wa kitaifa wa 1991-92 ulikuta wanawake waliozidi uzito Tanzania ni asilimia 11. Ule wa 2015-16 ukakuta 28, na mijini 42. Vijijini 21 tu.

Wapo watakaodakia: basi wanawake wakae nyumbani! Upuuzi. Anayekaa nyumbani mjini kwa pesa ya mume naye ananenepa vilevile, tena hana akiba. Na huko Marekani mambo yamegeuka, wanawake wenye kipato kikubwa ndio wembamba zaidi, maskini ndio wanaonenepa. Wenye nacho wananunua muda wa mazoezi na mboga safi. Mastaa wetu wameshashtuka, wanajipost gym alfajiri, huku mashabiki bado wanasifia mashavu.

Muda wenyewe bi dada wa kawaida anautoa wapi? Anatoka kazini saa kumi na moja, foleni, anapika, anaogesha watoto, bwana kenda kuangalia mpira. Siku akijitutumua kutoka kukimbia na baibui lake, mtaa mzima unamtolea macho, na wa kwanza kupiga mluzi ni haohao walioandika mashallah.